Kuchagua vifaa vya masikio vya kielektroniki kwa kazi ya uwindaji: mwongozo kwa watu wa porini Lindi na Mtwara

Katika msafara wa uwindaji, anayeumia masikio zaidi mara nyingi si yule anayefyatua. Ni mfuata nyayo aliyesimama hatua mbili mbele kidogo, upande wa kushoto wa mgeni, yaani mtalii aliyekuja kuwinda, mkono bado ameunyoosha kuonyesha nyati alipo, mara bunduki ya .375 inalipuka karibu na shavu lake. Mgeni amevaa kinga aliyokuja nayo sandukuni. Mfuata nyayo amewahi kuziba sikio moja kwa kidole, na hapo ujue alipata nafasi.

Mwongozo huu ni wa huyo kwanza. Utamfaa pia mwindaji bingwa anayeongoza msafara, mbeba bunduki, askari wa wanyamapori wa kijiji anayefukuza tembo mashambani, na mwindaji mwenyeji mwenye leseni, kuanzia vitalu vya uwindaji vya Selous upande wa Liwale hadi Lukwika-Lumesule kule Nanyumbu. Anayeingia porini bila kibali sina la kumshauri.

Watu wetu hawavai kinga, na wana sababu ya haki. Porini sikio linafanya kazi kabla ya jicho. Kwenye miombo, majani makavu ya Agosti yanakwambia mnyama yuko wapi kabla hujamwona. Ndege wanaodonoa kupe mgongoni mwa nyati hupiga kelele wakishtuka, na mzee yeyote aliyekulia kwenye kazi hii huwategea sikio hao kuliko kitu kingine. Nyati aliyejeruhiwa akishaingia kichakani humwoni tena. Unasikia pumzi yake tu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo azibe masikio asubuhi hadi jioni, kambini atakuitikia vizuri, na mkivuka korongo la kwanza atakuwa ameshavua. Kwa hiyo mimi huanza na kipimo kimoja kabla ya vingine vyote: je, mtu ataweza kukaa na kifaa hiki kichwani tangu mnashuka kwenye gari hadi mnarudi, na bado afanye kazi yake?

Vifaa vya kielektroniki vinaingia hapo. Umbo lake ni lilelile la vifunika masikio vya kiwandani: vikombe viwili vya plastiki vyenye mito laini, vimeunganishwa na upinde unaopita juu ya kichwa. Tofauti ni kwamba kila kikombe kina maikrofoni kwa nje na spika ndogo kwa ndani. Sauti ndogo za nje zinachukuliwa, zinakuzwa kwa kiasi unachotaka, zinapelekwa sikioni. Sauti ikizidi kiwango fulani, mara nyingi kati ya desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 82 na 85, saketi inaacha kuikuza au inaibana, na unabaki na ukuta wa plastiki na sponji peke yake. Lielewe vizuri jambo hili kwa sababu wauzaji hulichanganya: kinachokukinga na mlipuko ni kikombe na mto uliobana kichwani. Umeme kazi yake ni kukurudishia usikivu ambao kikombe kimeuzuia. Betri ikifa katikati ya pori, kinga iko palepale, ila umekuwa kiziwi.

Hatua ya 1: Jua kishindo chako, na jua unasimama wapi

Kwa kishindo cha ghafla, mpaka unaotumika kwa mtu mzima ni desibeli 140. Kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani linataka kisizidi 120, kwa hiyo watoto wa kambini wakae mbali siku ya kupima bunduki. Bunduki ndogo ya .22 peke yake hukaribia 140. Shotigani na raifo za kuwindia hucheza kati ya 150 na 170, na zile kubwa za nyati na tembo ziko ngazi za juu za hapo. Gobore, pamoja na mlio wake mzito usiochoma sana sikio, nalo linavuka mpaka. Na desibeli hazipandi kidogo kidogo kama namba zinavyoonekana: kila zikiongezeka 10, nishati ya sauti imezidishwa mara 10. Kutoka 140 hadi 170 ni mara 1,000.

Sasa mahali. Kishindo hutoka mdomoni mwa mtutu, na ni kikali zaidi mbele na ubavuni kuliko nyuma. Mpigaji yuko nyuma ya mdomo huo kwa urefu wa mtutu mzima. Aliyesimama ubavuni usawa wa mdomo hana hata hiyo nafuu. Mpigaji wa mkono wa kulia huumia zaidi sikio la kushoto, kwa sababu ndilo linaloelekea mtutuni, wakati la kulia limejificha nyuma ya kichwa na bega. Mfuata nyayo anayesimama kushoto kwake hupigwa sikio la kulia.

Kuna kitu kimoja cha kuuliza kambini kabla ya safari ya kwanza: bunduki ya mgeni ina kipunguza msukumo mdomoni? Ni kile kipande cha chuma chenye matundu ubavuni. Kinampunguzia mpigaji teke la bega kwa kutupa gesi pembeni na nyuma, yaani kwenu. Ikiwa kipo, watu wote wa karibu wavae kinga maradufu, nitakayoieleza kwenye hatua ya 4. Mwindaji bingwa ana haki kabisa ya kumwomba mgeni akifungue na kukiacha kambini, na wengine hufanya hivyo. Hadhari ya pili ni banda la kuvizia chui. Kuta na paa vinarudisha sauti, na mmebanana humo watu watatu.

Madhara yake hayana tiba. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni za sauti nyembamba, hasa karibu na hezi 4,000. Ndiyo maana mtu aliyeharibiwa na bunduki atakuambia anasikia vizuri tu. Anasikia gari, anasikia ngurumo. Anachokosa ni nyenze, ndege wadogo, sauti za watoto, na jani kavu likivunjika hatua 40 mbele. Mezani anasikia kwamba unaongea, ila maneno yanamfikia yameviringana. Kisha unakuja ule mlio wa masikioni usiku, ambao haumwachi hata akiwa peke yake.

Hatua ya 2: Kagua masikio kabla ya kutoa hela

Sikio linalotoa usaha, au ngoma ya sikio iliyotoboka, haliingizwi kizibo cha aina yoyote. Mwenye tatizo hilo achague vifunika masikio vinavyokaa kwa nje, na atibiwe. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Wakikuelekeza mbele, kuna hospitali za rufaa za mikoa, Sokoine pale Lindi na Ligula pale Mtwara, na kwa watu wa Masasi na Nachingwea, Ndanda si mbali. Nta iliyojaa nayo ishughulikiwe huko huko. Njiti ya kiberiti na ncha ya kalamu hazina kazi sikioni.

Kama tayari umepungukiwa usikivu, elewa kwamba kifaa cha kuwindia kinakuza sauti lakini hakirudishi chembe zilizokufa. Na usikosee njia ukanunua vile vikuza sauti vya bei rahisi vinavyotangazwa mitandaoni kwa wazee. Vingi havina kizuizi cha kuaminika cha sauti kubwa, na havizibi sikio inavyopaswa. Hata kifaa halisi cha usikivu alichopewa mgonjwa hospitalini si kinga ya bunduki. Hedfoni za simu za kupunguza kelele ni hivyohivyo: zilitengenezwa kwa muungurumo wa ndege na basi, si kwa mlipuko.

Pamba, kitambaa na ganda la risasi sikioni sivihesabu kama kinga.

Hatua ya 3: Chagua aina

Ziko nne zinazostahili kuzungumziwa.

Vifunika masikio vya kielektroniki ndivyo ninavyowapendekezea wengi kuanza navyo. Ni rahisi kuvaa na kuvua, vinaweza kuazimwa kwa mwenzako bila kuambukizana usaha wa sikio mradi mito ipanguswe, vinatumia betri za kawaida, na ukiviangusha kwenye nyasi utaviona. Ubaya wake ni joto. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashuka, bonde la Ruvuma halina huruma, na vikombe viwili vya plastiki kichwani vinaongeza adha.

Vizibo vya kielektroniki vinavyoingia sikioni havina joto hilo, havigongi kitako cha bunduki, na kofia yoyote inakaa juu yake. Kwa mtu anayetembea kilomita nyingi kila siku ya msimu, hivi ndivyo bora. Lakini vizuri vyake bei yake ni mara kadhaa ya vifunika, ni vidogo vya kupotea, na havisamehe uvaaji mbaya: kikilegea kidogo tu, kinga imekwisha na hutajua.

Vizibo vyenye chujio havina umeme wowote. Ndani yake kuna tundu dogo sana. Maongezi yanapita, wimbi la mlipuko linakwama kwa sehemu kubwa. Ni vya bei nafuu, havihitaji betri, vinaoshwa kwa sabuni. Havikuzi sauti, na kwa raifo kubwa peke yake havitoshi, ila kwa askari wa kijiji ambaye halmashauri haijamnunulia chochote, ni afadhali kubwa.

La nne ni vizibo vya sponji, vile vya njano au chungwa vya viwandani. Hivi kila mtu awe na jozi mbili mfukoni hata kama ana kifaa cha gharama. Kuviingiza kuna namna yake, na wengi hawaijui: nawa mikono, viringisha kizibo kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, kisha shikilia kwa kidole kwa sekunde 20 hadi 30 hadi sponji ivimbe. Ukiongea na sauti yako mwenyewe ikasikika nzito ndani ya kichwa, kimekaa. Kikichungulia nje nusu nzima, anza upya.

Hatua ya 4: Soma tarakimu kwa mashaka

Kwenye boksi utakuta NRR ikiwa bidhaa ni ya soko la Marekani, au SNR ikiwa ni ya Ulaya. Zote mbili ni kiasi cha desibeli kinachopunguzwa maabara, lakini mahesabu yake ni tofauti na SNR kwa kawaida hutoka kubwa zaidi kwa kifaa kilekile. Usilinganishe NRR ya hiki na SNR ya kile. Kwa bidhaa za Ulaya tafuta pia alama EN 352. Namba 4 ikifuata ni vifunika vinavyobadilika kulingana na sauti, namba 7 ni vizibo vya namna hiyo.

Kuna mifano inayofahamika: Howard Leight Impact Sport ina NRR 22, Walker's Razor Slim ina 23, Peltor Sport Tactical 500 ina 26. Vizibo vizuri vya sponji vina 29 na kuendelea. Utashangaa kwamba kitu cha sponji kinazidi mashine. Ni kweli, lakini kwa sharti la kukivaa sawasawa, na huku nje hakivaliwi sawasawa. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilishauri mwaka 1998 ukate asilimia 25 ya NRR kwa vifunika, asilimia 50 kwa vizibo vya sponji, na asilimia 70 kwa vizibo vingine. Tukikata hivyo, 22 ya vifunika inabaki 16.5, na 29 ya sponji inabaki 14.5. Ghafla mashine imeshinda.

Hesabu hiyo ni ya tahadhari, kwa sababu tarakimu zilipimwa kwa kelele ya mfululizo na si kwa mlipuko. Hata hivyo, raifo ya desibeli 165 ukiipunguzia 16 bado iko juu ya 140. Ndiyo sababu ya kinga maradufu: sponji sikioni, vifunika vya kielektroniki juu yake. Haziji kujumlishwa 29 na 22 zikawa 51. Kanuni ya kawaida ni kuchukua iliyo kubwa na kuongeza 5 hivi. Zaidi ya kiwango fulani sauti hupita kwenye mfupa wa kichwa, na hakuna kizibo kinachoziba mfupa.

Hapa kuna ujanja ambao watu wa shabaha wanaujua na sisi hatuutumii vya kutosha. Ukiwa na sponji ndani na vifunika vya kielektroniki nje, pandisha sauti ya vifunika. Spika inasukuma sauti hadi inapita kwenye sponji, unasikia maongezi karibu kama kawaida, na kinga ni ya tabaka mbili. Kwa watu wa banda la chui na kwa yeyote anayefuatana na raifo kubwa ya .458, naona huo ndio uvaaji wa kila siku.

Hatua ya 5: Ijaribu akili yake

Kinga ya plastiki haitofautiani sana kati ya kifaa na kifaa. Saketi ndiyo inayotofautiana, na ndiyo inayoamua kama mfuata nyayo atakivaa. Majaribio haya unayafanya sebuleni au uani, hayahitaji bunduki.

Kwanza, masikio mawili. Kifaa kiwe na maikrofoni kulia na kushoto zinazofanya kazi kila moja peke yake. Vipo vya bei rahisi vyenye maikrofoni moja inayogawa sauti pande zote. Kwa mwindaji hivyo havina maana, kwa sababu kila kitu kitasikika katikati ya kichwa. Fumba macho, mwenzako azunguke akipigapiga funguo, wewe unyooshe kidole zinakotoka. Kulia na kushoto usikosee hata mara moja. Mbele na nyuma utakosea, na si kosa la kiwanda pekee: ni ukunjo wa sikio la nje unaotusaidia kutofautisha mbele na nyuma, na kikombe kimeufunika. Dawa yake ni kugeuza kichwa kidogo kila unaposikia kitu. Ukifanya hivyo siku nzima kwa siku kadhaa, kinakuwa mazoea.

Pili, ukimya. Usiku, watu wamelala, washa kifaa na upandishe sauti. Utasikia mvumo mwembamba wa umeme. Kwenye kifaa kizuri ni mdogo. Kwenye kibaya unafunika nyenze wote wa Nachingwea. Mvumo huo ndio unaochosha kichwa saa nne baadaye na kumfanya mtu avue.

Tatu, na hili ndilo ninalolitilia uzito kuliko yote, ni kinachotokea baada ya kishindo. Gonga mfuniko wa sufuria karibu na maikrofoni huku mwenzako akiendelea kuongea. Saketi za kizamani hukata sauti zote kabisa, kisha huzirudisha baada ya kitambo. Kwa mtu wa shabaha uwanjani si kitu. Kwa mwindaji, kitambo hicho ndicho chenye habari zote: mlio wa risasi ukigonga mwili au ukigonga mti, mnyama amekimbilia upande gani, matawi yamevunjika wapi, mwindaji bingwa amesema rudia au amesema ngoja. Saketi nzuri haikati, inabana tu sauti kubwa ishuke huku ndogo zikiendelea kupita. Sauti ya mwenzako ikikatika kila ukigonga sufuria, rudisha kifaa.

Muuzaji atakuambia kifaa chake kinaitikia kwa milisekunde chache sana. Isikuvutie sana. Mlipuko wa bunduki wenyewe ni wa milisekunde chache, na spika iliyomo haina uwezo wa kutoa kishindo cha raifo hata ikitaka. Ukuta wa plastiki haungoji saketi iamke.

Nne, upepo. Simama mbele ya feni, au panda nyuma ya bodaboda ukiwa umevivaa. Maikrofoni zisizo na kifuniko cha sponji zitanguruma usisikie kingine. Nyuma ya gari la wazi jambo hili linakera kweli. Ukiwa garini shusha sauti, mkishuka pandisha.

Usitegemee kifaa kikuletee tembo. Sehemu kubwa ya mngurumo wao wa kuitana iko chini ya hezi 20, chini ya usikivu wa binadamu, na maikrofoni hizi zimelengwa kwenye maongezi na sauti nyembamba. Tembo ataendelea kutambulika kwa matawi, kwa harufu na kwa uzoefu wako.

Ukishakichagua, sauti iweke pale ambapo mtu anayeongea kando yako anasikika kama kusingekuwa na mashine katikati. Wengi hupandisha hadi mwisho wapate masikio ya digidigi. Matokeo yake hatua zao wenyewe kwenye majani zinawapigia kelele, na umbali wa vitu unawadanganya. Ingawa, kwa kijana anayejifunza kunyata, dakika chache za sauti ya juu zinamfundisha kuliko maneno yangu.

Hatua ya 6: Vaa pamoja na bunduki, kofia na miwani

Chukua bunduki tupu, ikaguliwe na watu wawili, elekeza pasipo na mtu, weka begani kama unayetaka kupiga. Shavu likilala kwenye kitako, kikombe cha upande huo hakipaswi kuguswa. Kikiguswa kinanyanyuka, mwanya unafunguka chini ya mto, na kishindo kinaingia hapo wakati uleule unaokihitaji kikombe. Ndiyo maana ya vikombe vyembamba au vilivyochongwa upande wa chini. Mpigaji apewe hivyo; mfuata nyayo asiyebeba bunduki anaweza kuvaa vinene vyenye kinga zaidi.

Kofia yenye ukingo mpana inasukuma upinde nyuma. Vaa yenye ukingo wa mbele tu, au chagua vyenye upinde unaopita kisogoni. Miwani ya mikono minene inafungua mwanya nayo. Mikono myembamba, na mito yenye jeli inayojikunja kuizunguka, inasaidia. Nywele za kusuka zisipite chini ya mto. Kila baada ya kuvaa, pitisha kidole kuzunguka vikombe vyote viwili.

Hatua ya 7: Betri, jasho na vumbi

Vifunika vingi vinatumia betri mbili za AAA, zile za rimoti, ambazo utazipata Liwale mjini na hata kwenye duka la kijijini. Hiyo ni sababu tosha ya kuvipendelea. Vizibo vya kielektroniki vya aina ya zamani vinatumia betri ndogo za vifaa vya usikivu, namba 10 au 312. Hizo zinaanza kufanya kazi ukibandua karatasi yake tu, na zikishabanduliwa zinakufa hata usipozitumia. Agiza za kutosha kutoka Dar es Salaam kabla ya msimu kufunguliwa Julai. Vile vya kuchaji vinataka pawabenki au sola ya kambi, kwa hiyo chaji iwe ni kazi ya mtu mmoja anayejulikana kila usiku. Penda kifaa kinachojizima chenyewe kikisahauliwa.

Jasho la chumvi ndilo adui wa vifaa hivi kwetu. Jioni ng'oa mito inayong'oka, pangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, iache ikauke kivulini. Fungua kasha la betri mara kwa mara uone kama kuna ukungu wa kijani. Ukiuona, futa kwa kitambaa kikavu. Kifaa kisiachwe juu ya dashibodi ya gari. Mto uliopasuka au kugeuka mgumu ubadilishwe, haushonwi.

Hatua ya 8: Kununua

Madukani Lindi na Mtwara utakuta vya kiwandani vya kawaida, kwa ajili ya misumeno na mashine za korosho. Vya kielektroniki kwa kawaida ni vya kuagiza. Huko Marekani vya kawaida vinauzwa takriban dola 40 hadi 80, kabla ya usafiri na ushuru. Wageni wengi huja na cha akiba. Si aibu kumwomba mwindaji bingwa amwandikie mgeni mapema amletee mfuata nyayo cha kwake kama sehemu ya bakshishi.

Lakini isiishie kwenye bakshishi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga, na kampuni ya kitalu ni mwajiri kama kiwanda. Ombeni kwa maandishi, kwa pamoja, kabla msimu haujaanza.

Cha bandia kinajulikana kwa boksi lisilo na jina la mtengenezaji, NRR isiyotajwa au kubwa kupita kiasi kwa vikombe vyembamba, na sauti inayotoka upande mmoja. Ikiwa kina redio ya mawasiliano ndani yake, kumbuka masafa ya redio yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Usikiwashe bila kibali.

Hatua ya 9: Porini

Vaeni mkishuka garini, si mkimwona mnyama. Kubalianeni ishara za mkono kambini: subiri, piga, rudia, wote chini. Kabla ya risasi, mfuata nyayo arudi nyuma ya mstari wa mdomo wa mtutu, na mwindaji bingwa asimruhusu mgeni kupiga hadi aone hivyo. Nafasi hiyo ya hatua mbili haigharimu shilingi.

Usifunue kikombe kimoja ili usikie vizuri zaidi. Ukiona unahitaji kufanya hivyo, pandisha sauti, au betri imechoka.

Kishindo kikikupata bila kinga na masikio yakaanza kuvuma, kaa mbali na milio siku hiyo nzima na inayofuata. Mvumo au uziwi ukivuka kesho yake, nenda hospitali bila kungoja mwisho wa safari, kwa sababu matibabu ya siku za mwanzo ndiyo yenye nafasi ya kusaidia. Damu au kizunguzungu ni kuondoka papo hapo.

Msimu ukifungwa, toa betri, funga kifaa kwenye boksi lenye kifuko cha kunyonya unyevu, na kiweke mbali na ukuta unaovuja mvua za masika.